Mgonjwa Yuko Chumbani, Ufunguo Uko Mezani, na Wewe Umekunywa

Ilikuwa Jumamosi ya kipaimara cha mpwa wetu mkubwa, nyumbani kwa mama, Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Wageni walishaondoka, viti vya kukodi vimepandanishwa ukutani, turubai bado halijashushwa. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi bila kuvua viatu. Saa saba usiku nikasikia dada anapiga ukelele chumbani. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu, meno yameumana. Degedege. Nilishika ufunguo wa gari kabla sijamshika mtoto.

Naukumbuka mkono wangu ule. Haukutetemeka hata kidogo. Kichwa kilikuwa kimetulia kama cha mtu aliyetoka kuoga, nikajisemea moyoni: pombe imekatika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mabegani. "Baba, weka huo ufunguo."

"Mama, mtoto anakufa!"

"Nimemwona. Weka ufunguo, umshike mtoto."

Tangu usiku ule nimebishana na watu wengi kuhusu jambo hili: je, mtu aliyekunywa ana haki ya kuendesha gari pale ndugu yake anapokuwa hatarini? Wapo wanaosema kamwe, pombe na usukani havikai pamoja. Wapo wanaosema damu nzito kuliko maji, na baba anayemwacha mwanawe afie sebuleni kwa kuogopa trafiki si baba. Kila upande una hoja nzito, lakini naona wote wanajibu upesi mno. Swali hili limefungamanisha mambo ambayo hayafanani: mwili wako unaweza nini usiku huo, mgonjwa anahitaji nini hasa, na hakimu atakuuliza nini kesho yake. Ukiyachanganya, utabishana mpaka alfajiri.

Tuanze na hilo la pombe kukatika, maana ndipo tunapojidanganya kwa nia njema kabisa.

Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo moja huongeza miligramu 40 hivi za pombe katika kila mililita 100 za damu. Kwa mwanamke wa kilo 60 huongeza kama 60, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimua. Ini ndilo linaloiondoa, na lina mwendo wake: wastani wa miligramu 15 kwa saa, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi. Haliharakishwi. Kahawa chungu, supu ya makongoro, maji ya baridi kichwani, kutembea uani mara kumi, vyote vinaweza kukuondolea usingizi, lakini ini halivisikii. Hofu nayo halisikii.

Mimi nilikuwa nimekunywa bia tano tangu saa kumi na mbili jioni. Chupa tano ni miligramu 200 na ushee. Saa saba zilizopita zilikuwa zimeondoa kama 100. Nilibaki na zaidi ya 100, na kikomo cha sheria hapa Tanzania ni 80. Kwa hesabu hiyo ningefika sifuri yapata saa mbili asubuhi, watu wakiwa wanatoka misa ya kwanza. Na nilikuwa nimekula vizuri, pilau na nyama, sikuwa nayumba, sikuwa nasema ovyo. Mtu yeyote angeniona angesema huyu yuko sawa.

Kinachotokea ukishtuka ni kwamba mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, macho yanafunguka, usingizi unaruka. Unajiona mzima. Lakini kazi ambazo pombe inaziharibu hazirudishwi na mshtuko: kugawa uangalifu kati ya vitu viwili, kuona cha pembeni, kurudiwa na macho baada ya kumulikwa na taa kali, kukadiria kasi ya kinachokujia. Mshtuko wenyewe unakuongezea haraka. Unakuwa na mguu mzito kwenye mafuta na jicho zito barabarani.

Chukua mfano ambao kila dereva wa mji huu anaujua. Lori limeharibika usiku Barabara ya Mandela. Halina taa. Utingo amevunja matawi ya mti na kuyatandaza nyuma, hatua kadhaa kadhaa, kama alama. Dereva mzima anayaona matawi, hajui bado ni nini, lakini mguu wake umeshahamia kwenye breki. Dereva aliyekunywa anayaona pia, ila anachelewa kuyaelewa. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kuchelewa kwa nusu sekunde ni mita 8 zaidi. Katika mita hizo ndimo lilimo tela la lori.

Mmarekani Robert Borkenstein, aliyebuni kifaa cha kupima pombe kwa pumzi mwaka 1954, baadaye aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 1964 katika mji wa Grand Rapids, Michigan. Walilinganisha madereva waliopata ajali na wale waliokuwa wakipita njia zile zile bila ajali. Mwenye miligramu 100 hivi alikuwa na uwezekano wa kusababisha ajali mara sita au saba kuliko asiyekunywa. Mwenye 150, mara 25. Na wengi wao walikuwa watu wanaokwenda zao tu, bila mama analia kiti cha nyuma na mtoto amelazwa mapajani bila mkanda.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Watu hulizungumzia jambo hili kama vile hatari ni ya dereva na wapita njia, na faida ni ya mgonjwa. Mgonjwa yumo ndani ya gari hilo hilo. Yeye ndiye asiyefungwa mkanda, ndiye asiyeweza kujishika, ndiye atakayerushwa kwanza. Nje yake wapo wale ambao hawakuulizwa: kijana wa bodaboda anayemalizia kichwa cha mwisho, wanawake wanaowahi samaki soko la Feri, wafagiaji wa barabara wanaoanza kazi gizani na vizibao vyao vya kung'aa.

Sasa upande wa mgonjwa. Neno dharura tunalitumia kwa mambo yaliyo tofauti kabisa, na madaktari hawatofautishi kwa ukubwa wa kelele, wanatofautisha kwa saa.

Zipo dharura za dakika. Mtu amepaliwa na nyama, hapumui. Moyo umesimama. Mshipa mkubwa umekatika, damu inaruka. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Kutoka Goba, au Mbagala, au Bunju, hakuna dereva, awe mlevi au mzima, atakayefika hospitali ndani ya dakika hizo. Anayemwokoa mgonjwa huyo ni aliye karibu naye: anayempiga mgongoni kwa kiganja kati ya mabega mpaka kilichokwama kitoke, anayemkandamiza kifua, anayeshindilia kitambaa kwenye jeraha na kutoachia. Ukitoka kwenda kuwasha gari, umemnyima mikono miwili ambayo ndiyo aliyoihitaji.

Zipo dharura za saa. Kiharusi kina dirisha lake: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mvunjiko wa mguu, homa kali, sukari iliyopanda, uchungu wa uzazi unaokwenda vizuri, haya yote yanahitaji hospitali usiku huo huo, na yanakuachia nusu saa ya kumtafuta dereva.

Degedege la mpwa wangu lilikuwa la aina ambayo inaonekana ya dakika kumbe si hivyo. Degedege la homa kwa watoto wadogo mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika tano. Mtoto analazwa ubavu, nguo zinalegezwa, hatiwi kijiko wala kidole mdomoni. Likipita dakika tano, au likirudi, hapo mambo ni mazito. Na hata likikoma lazima aonwe na daktari haraka, kwa sababu nyuma yake inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Nami sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua ufunguo tu.

Katikati zimebaki chache ambazo zinabana kweli. Mama aliyejifungua nyumbani na damu haikomi, huyo anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mwenye pumu ambaye dawa ya kuvuta imekwisha na midomo inabadilika rangi. Aliyeumwa na nyoka shambani Kisarawe au pembezoni kule Chanika. Hawa wana muda, lakini si mwingi, na kila robo saa ina thamani. Tukibishana kwa haki, tubishane kuhusu hawa, maana ndio ambao robo saa ya gari inaweza kuwaokoa.

Halafu njoo Dar es Salaam yenyewe. Gari la wagonjwa haliji kwa kasi tunayoitamani, kila mkazi analijua hilo, na ndiyo maana mkono unakimbilia ufunguo. Lakini jiji hili lina kitu ambacho miji mingi haina: watu wanaojua kuendesha wapo macho saa zote. Kila kona kuna kijiwe cha bodaboda. Bajaji inapita panapokwamisha gari dogo. Kuna teksi za kuita kwa simu, ingawa usiku wa manane kule pembezoni unaweza kusubiri mpaka ukate tamaa. Kuna walinzi wa getini. Kuna madeiwaka, wale vijana wanaoshika usukani wa daladala kwa zamu dereva mwenyewe anapopumzika, na wapo wenye leseni halali. Humwombi mtu akupe gari, gari unalo. Unamwomba akukalie kwenye usukani wako, jambo jepesi kuliko unavyodhani.

Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, kuna namba 115, ya bure, ya mfumo wa m-mama ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Uzuri wake ni kwamba hautegemei magari ya wagonjwa peke yake. Anayepokea simu akiona gari la wagonjwa liko mbali, anamtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, na nauli inalipwa na mfumo. Polisi wanapatikana kwa 112, zimamoto na uokoaji kwa 114.

Na hospitali si lazima iwe Muhimbili. Idara ya dharura ya pale, iliyofunguliwa mwaka 2010, imeokoa watu wengi sana, lakini kutoka Goba au Mbezi utapita vituo vya afya kadhaa kabla hujafika Upanga, iliko Muhimbili. Kituo cha karibu kinachofanya kazi usiku kitaweka dripu, kitatoa hewa, kitazuia damu, kisha kitampa rufaa kwenda Mwananyamala, Amana, Temeke au huko huko Muhimbili akiwa katika hali ya kustahimili safari. Watu wengi wanaosema "sikuwa na njia ila kuendesha" walikuwa wanapanga safari ya kilometa 20 wakati msaada ulikuwa kilometa 3, umbali ambao bodaboda au mabega ya majirani yanautosha.

Majirani. Hapa nina neno. Swali hili la kuendesha umekunywa halisumbui sana Tandale au Manzese. Kule mtoto akidegedeka, mpangaji wa chumba cha pili anakuwa ameshaamka kabla hujamwita. Linatusumbua sisi tuliohamia pembezoni tukajenga ukuta, geti la chuma na mbwa. Tunakaa miaka mitano bila kujua kama jirani wa kushoto anajua kuendesha. Usiku wa manane tunaona aibu kumgongea. Mwanamume mwenye gari anaona kuomba dereva ni kukiri kuwa amelewa mbele ya mama mkwe. Nimesikia mtu akisema waziwazi: gari nimelinunua la nini kama siwezi kumpeleka mtoto wangu hospitali? Kauli hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, na siichukulii kama upuuzi. Lakini inayosema pale ni heshima ya mwenye gari. Uhitaji wa mtoto ni kitu kingine.

Sheria inasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, inakataza kuendesha ukiwa umeathiriwa na kilevi kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na inakataza pia kuendesha ukiwa umepita kile kikomo cha miligramu 80, hata kama unajiona unalimudu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 10, inasema sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria inapotamka vingine. Maana yake, "nilikuwa nawahi hospitali" haifuti kosa. Kifungu cha 17 kinamsamehe aliyelazimishwa, lakini kwa ufinyu mkubwa: ni pale kosa linapotendwa na watu wawili au zaidi, na mmoja amemtishia mwenzake kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo. Degedege halimtishii mtu. Na kifungu cha 14 kinafunga mlango kwa anayetaka kuufanya ulevi wake wa hiari kuwa utetezi.

Inabaki huruma, ile saa ambayo mshtakiwa ameshatiwa hatiani na hakimu anampa nafasi ya kujitetea ili apunguziwe adhabu. Hapo ndipo mtoto, homa na saa saba usiku vina uzito. Wanasheria wanakutofautishia vitu viwili ambavyo Kiswahili cha kila siku huvichanganya: kuwa na haki ya kutenda, na kuwa na udhuru wa kutenda. Mwenye haki hakukosea. Mwenye udhuru amekosea, lakini binadamu mwenzake anaona ni kwa nini. Nadhani ugomvi mwingi wa barazani ungeisha tukikubaliana tunazungumzia lipi.

Sheria zetu zilichukua kanuni za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi wa mahakama zao baada ya hapo hautufungi, unaweza tu kushawishi. Hata hivyo wao wamelichimba swali hili kuliko sisi, na inafaa kuona walikofika. Wana utetezi wa kushurutishwa na mazingira. Katika kesi ya Martin ya mwaka 1989, mtu aliyefungiwa leseni aliendesha kumpeleka mtoto wa mkewe kazini kwa sababu mke alitishia kujiua, na Mahakama ya Rufani ikasema utetezi wake ulistahili kupimwa na jopo la raia wanaoamua kesi kule. Kipimo chenyewe kina maneno ninayoyapenda: je, mtu asiye na ulevi, mwenye moyo wa kawaida, mahali pale, angefanya vivyo hivyo? Unapimwa kwa akili ya mtu asiyelewa, wakati wewe huna akili hiyo usiku huo.

Katika kesi ya Bell ya mwaka 1992, mtu aliyekuwa amekunywa alifukuzwa na watu waliotaka kumdhuru, akaruka ndani ya gari, akaondoka, alipokuwa salama akasimama. Alishinda. Katika kesi ya Mullally ya mwaka 2006, mwanamke aliyekunywa alikwenda kwa gari akihofia nduguye wa kike anapigwa na mwanamume wake. Polisi walikuwa wameshafika, naye akaendelea kuendesha. Hakufanikiwa, kwa sababu hatari ilipokwisha ruhusa nayo ilikwisha.

Ila kesi inayotuhusu zaidi ni ya Taylor dhidi ya Rajan, ya mwaka 1974. Jaji Mkuu Widgery alisema hivi, kwa maneno yangu: mtu ameweka gari lake ndani, amekaa nyumbani akinywa akijua hatatoka tena, kisha ikazuka dharura iliyomlazimu kulitoa. Hiyo inaweza kuwa sababu maalumu ya kutomnyang'anya leseni, ingawa hatia inabaki. Lakini mahakama iangalie dharura ilikuwa kubwa kiasi gani, kama kulikuwa na usafiri au msaada mwingine, na aliendeshaje. Na akiwa na zaidi ya miligramu 100, asitarajie sana huruma hiyo. Nilipoisoma niliirudia mara mbili. Mimi nilikuwa na zaidi ya 100.

Na angalia sharti lililojificha pale: "akijua hatatoka tena". Kama mkeo ana ujauzito wa wiki 38 na ndani ya nyumba wewe peke yako ndiye dereva, uchungu ukianza usiku si jambo la ghafla. Ni miadi usiyojua saa yake. Aliyekunywa usiku wa namna hiyo hawezi kuja kudai dharura imemshtukiza.

Kabla ya Waingereza, pwani hii ilikuwa na wanazuoni wake, na neno dharura lenyewe tumelipata kwa Kiarabu. Mafakihi wana kanuni mashuhuri: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Wengi huishia hapo, wakaigeuza leseni. Lakini kanuni hiyo haitembei peke yake. Zipo dada zake mbili, na zote ziliandikwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniyya ya Waturuki, karne ya 19. Ya kwanza: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, yaani unaruhusiwa kile tu kinachohitajika, basi. Ya pili: madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Najua msomaji Mwislamu ataniambia kosa lilianza na glasi ya kwanza. Sibishi. Ila kanuni hizo zinamfaa yeyote anayefikiri kwa uadilifu. Huwezi kumwondolea mwanao hatari ya kifo kwa kumbebesha mtoto wa mwingine hatari hiyo hiyo.

Baada ya yote hayo, je, ni kamwe? Hapana, siwezi kusema kamwe nikalala vizuri. Najua mahali ambapo ningemwelewa mtu, na hata kusema alitenda sawa. Shambani, nje kabisa ya mji, mwenzake ameumwa na nyoka, simu haishiki, hakuna nyumba inayoonekana, na yeye amekunywa chupa moja au mbili, si sita. Aendeshe taratibu, taa za tahadhari zinawaka, asifuate hospitali ya rufaa, afuate mtu wa kwanza anayeweza kumpokea usukani, na akimpata amwachie palepale. Hiyo ndiyo dharura iliyokadiriwa kwa kadiri yake.

Mwingine ni mwanamke ambaye hatari imo ndani ya nyumba. Wamekunywa wote, mume amechukua panga au chupa, watoto wanalia, mlango uko wazi na gari liko nje. Sitamwambia huyo akokotoe miligramu. Atoke. Lakini safari yake ni kama ya Bell: mpaka panapokuwa na watu, taa, kituo cha mafuta, kituo cha polisi, kisha asimame na apige simu. Safari ya kwenda kwa mama yake Kibaha inaweza kungoja dereva. Nasisitiza hili kwa sababu mijadala ya ulevi barabarani huwa inamfikiria mwanamume mwenye mgonjwa, na mwanamke anayekimbia kipigo husahaulika kabisa.

Ukiacha hao, kwa jiji kama hili, nimeshindwa kupata mfano mwingine unaosimama. Kila nilipoupata, mtu aliuliza, "Kwa nini hukumgongea jirani?" na mfano ukaanguka.

Tukirudi Goba: niliuweka ufunguo mezani. Nilimlaza mtoto ubavu kama dada yangu alivyoelekezwa kwa simu na rafiki yake muuguzi. Mama alitoka nje na kanga yake, akafungua geti, akatembea gizani mpaka kijiweni, mita mia mbili hivi. Alirudi na kijana mmoja aliyevaa koti zito na kofia ngumu mkononi. Degedege lilikuwa limekoma. Mtoto alikuwa amelegea, anapumua kwa kukoroma.

"Shikamoo, dada," kijana alimwambia dada yangu, kana kwamba ni mchana. Kisha akanigeukia. "Kaka, nishike deiwaka gari lako? Leseni ninayo hii hapa, daraja D."

Nilikaa kiti cha nyuma, mtoto amelala ubavu katikati yetu, kichwa chake kwenye paja la mama yake, mkono wangu kwenye mbavu zake nikihesabu anavyopumua. Kijana aliendesha polepole kiasi cha kuniudhi. Kwenye mteremko kulikuwa na punda wawili wamesimama katikati ya barabara, gizani. Aliwaona mbali, akapunguza, akawapigia taa, akawasubiri. Mimi niliwaona tulipokuwa tunawapita.

Kituo cha afya walimpima, wakakuta malaria, wakaanza dawa hapo hapo. Kulipopambazuka kijana alinirudishia ufunguo. Nilitaka kumpa hela, akachukua ya mafuta ya pikipiki yake tu.

"Breki zako zinavuta kushoto, kaka," aliniambia. "Zipeleke kwa fundi."